Santuri Aliyoikamata Mtani

Msomaji, kwanza nisamehe kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande, na najua yapo maneno niliyoyaandika vibaya. Niliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa wa mwisho kunakili. Mwalimu alikuwa akifuta ubao mimi bado niko katikati. Lakini jambo hili siwezi kulisimulia kwa mdomo. Mbele ya watu sauti yangu hupotea, na watu huchoka kuingoja.

Tunaishi Mtoni, jirani na barabara ya Kilwa, chumba kimoja cha kupanga. Wazazi wangu walitoka kusini. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Baba alikuwa kuli, akibeba magunia bandarini, lakini kabla ya hapo, kijijini kwao, alikuwa mwimbaji wa ngoma. Kabla sijazaliwa, gari lilifika kijijini kutoka Dar es Salaam likiwa na mashine ya kurekodi. Wale wageni hawakuwapeleka waimbaji mjini. Waliwarekodi pale pale uwanjani, ngoma inapigwa, watu wamejaa, kipaza sauti kimefungwa kwenye mchi uliochomekwa ardhini. Ikatoka santuri.

Kwa hiyo ndani ya santuri ile mna kila kitu. Jogoo anawika. Mtoto analilia uji. Wanawake wanapiga vigelegele, mbwa anafukuzwa. Na upande wa pili, katikati ya wimbo, baba anaacha kuimba, ngoma zinaendelea, anasema kwa Kiswahili ili wale wageni nao waelewe: "Wewe binti mwenye ndoo, rudi nyuma kidogo. Utaonekana kwenye santuri." Watu wanacheka, naye anaendelea kuimba.

Binti mwenye ndoo ni mama yangu. Alikuwa anatoka kisimani, akasimama karibu mno na ule mchi. Yale yalikuwa maneno ya kwanza baba kumwambia. Nyumbani santuri ilipigwa kila Idi, na ikifika pale pa ndoo baba alimtazama mama, na mama alijifanya anakoroga chungu.

Baba alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani ni mtu wa kabila ambalo babu zetu walipigana nalo, kisha wakapatana kwa kuchekana. Ana ruhusa ya kukukejeli hata maiti ikiwa bado ndani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Anaweza kukamata kitu chako, kuku au sufuria au kiti, na hakirudi mpaka uende kukikomboa. Mtani wetu alikuwa mama mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, ambaye baadaye alihamia Kunduchi kukaanga samaki.

Siku ya mazishi alivaa koti la baba. Akateremsha bega moja kama baba alivyoliteremsha kwa sababu ya magunia, akakohoa kama yeye, akapita kati ya wanawake waliokuwa wanalia akiuliza, "Chai iko wapi? Nimekufa kwa kifua, sijafa kwa njaa." Watu wakacheka na machozi yao usoni. Kisha akachukua santuri juu ya mashine yake, akainama kwa mama. "Hii anakwenda nayo," akasema. "Nasikia huko anakokwenda hakuna redio." Akatoka nayo, akiwafuata wanaume waliobeba jeneza. Mama alikuwa amejifunika kanga kichwani. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

Tangu hapo hatukuiona santuri. Tukaamini imezikwa. Mama alikuwa ndani ya eda, hatoki, na wanawake hawakufika makaburini. Mimi nilifika, lakini nilisimama nyuma kabisa, sikuona kilichoingia kaburini. Na niliona haya kuwauliza wakubwa kama kweli ndani ya kaburi la Mwislamu kumewekwa sahani ya muziki. Mama alisema tu, "Basi, nayo ni yake."

Mwaka uliofuata kifua kilimpata mama. Alianza kuchomwa sindano kila asubuhi kwenye zahanati, nami nikimsindikiza kabla ya kwenda kwenye meza yangu ya sigara na peremende. Niliichagua biashara ya meza kwa sababu mteja anachukua mwenyewe, huna haja ya kumwita. Sindano zilimsaidia. Kikohozi kilipungua, mwili ukarudi. Halafu siku moja nikaona vitunguu vinaungua na yeye amekaa pale pale, amegeukia ukutani. Alisema hakusikia mafuta yakilia. Alisema kichwani mwake kuna nyuki.

Muuguzi alituambia kwa upole kwamba dawa ile huwafanyia hivyo baadhi ya watu. Wakaacha sindano, wakampa vidonge. Nilimuuliza kama masikio yatarudi. Alisema hajui. Mengine huishia yalipofikia, mengine huendelea kuziba.

Mama alimshukuru. Tulipotoka nje ya lango akanishika mkono. "Kabla hayajaziba kabisa," akasema, "nataka nimsikie baba yako akinifukuza tena pale kwenye ngoma."

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo wakati moyoni najua santuri iko chini ya udongo. Nikafikiri, haikutengenezwa moja tu, lazima iko nyingine mahali.

Nikaanza kuizungukia Kariakoo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa tena, mitumba hadi barabarani, na kila kona redio kaseti inapiga kushindana na ya jirani. Nilikuwa nasimama mbele ya duka mpaka wateja waishe ndipo niulize. Kijana mmoja aliwaita wenzake waje wanione. "Santuri? Braza, umetoka jela leo?" Mwingine alikuwa nazo, amezitoboa na kuzitia mishale ya saa, zimetundikwa ukutani zinauzwa. Nilizisoma zote. Hazikuwa ile.

Mama naye alikuwa na kipimo chake. Kila asubuhi alinipa kikombe cha bati na kijiko, akanituma nikagonge. Mwanzo niligonga nikiwa uani na akainua mkono kwamba amesikia. Baadaye nikawa nagonga mlangoni. Kisha ndani ya chumba. Nilikuwa nazidisha nguvu ili asijue, lakini alikuwa anauangalia mkono wangu na alijua.

Mwishowe nikampata mtu wa kurekodi kaseti, kibanda chake kimejaa mashine na nyaya. Alipousikia wimbo niliouimba kwa sauti ya chini alicheka, akafungua kabati, akatoa kaseti. Nyimbo za baba. Alizichukua kwenye santuri ya msafiri mmoja, akamrudishia mwenyewe santuri yake, na hakujua alikokwenda. Nilifurahi hata nikasahau kuuliza zaidi. Njia nzima mpaka Mtoni nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

Tuliiweka kwenye redio ya jirani, kwa sauti ya juu kabisa, mama ameegemeza sikio kwenye spika. Siku hizo alikuwa bado anasikia kiasi. Nyimbo zilikuwa safi. Hapakuwa na jogoo wala mtoto. Tulipofika pale pa ndoo wimbo uliruka kidogo, kama mtu aliyejikwaa, ukaendelea.

Mama akainuka. "Wamemkata," akasema, akarudi chumbani.

Nilirudi kwa yule bwana kesho yake. Hakuona kosa. Mteja anataka muziki, alisema, hataki makelele ya uwanjani. Jogoo, mtoto, mbwa, mtu anafokea watu, vyote alivitoa, na ilimchukua kazi kweli. Santuri zenyewe hazitengenezwi tena, kiwanda kilishaacha. Akaniuliza kwa mshangao, "Kwani wewe unatafuta muziki au unatafuta jogoo?" Nilisimama pale mpaka akaanza kumhudumia mtu mwingine.

Nilikuwa nimefika mwisho. Usiku nililala nikiyasikia magari ya barabara ya Kilwa na nikiona ni kama namwibia mama kwa kuyasikia. Ndipo nikafanya jambo ambalo nilikuwa nimeliogopa. Nilivuka kwenda Kigamboni kwa baba mdogo, ambaye aliingia kaburini kumpokea baba, nikamuuliza kama santuri iliwekwa mle.

Alikasirika kama nilivyotegemea. "Nani kakwambia upuuzi huo? Nimemlaza kwa mikono yangu. Mle ndani kulikuwa na sanda na ndugu yangu." Kisha akaniuliza santuri aliichukua nani. Nikamwambia mtani. Aliichukua mbele ya watu? Mbele ya watu. Baba mdogo akapiga paja.

"Amekamata," akasema. "Mtani amekamata kitu, anasubiri akombolewe, nyie mmekaa tu mwaka wa pili. Mmelelewa wapi nyie?"

Nilitaka kumwambia tumelelewa Mtoni. Mama alikuwa kwenye majonzi yake na mimi ni mtoto wa mjini. Tuliuchukua mzaha tukaufanya ukweli, tukaulilia.

Nilimkuta mtani Kunduchi, pale samaki wanaposhushwa, amekaa nyuma ya karai na wanawake wenzake. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akawaambia wenzake, "Muoneni huyu. Watu wa kusini wameikumbuka njia."

Nilimweleza kwa sauti ya chini, macho chini, kama nilivyofundishwa kusema na wakubwa. Nikasema mama anaumwa na tunaomba kile kitu chetu.

"Unaomba?"

"Naomba."

"Mie si sanduku la msikiti, siombwi wala sichangiwi." Wenzake wakacheka. Akageuza samaki. Alisema aliichukua santuri mbele ya halaiki, akakaa anangoja tuje kumtukana. Siku ya tatu kimya. Arobaini kimya. "Mtani akichukua kitu usipomfuata, umemwita mwizi. Nyie mmeniita mwizi mwaka wa pili huu."

Nikasema samahani.

"Samahani kawape polisi."

Akarudi kwa samaki wake kana kwamba nimeondoka. Machozi yakanijia. Aliyaona. "Akilia mpeni maji," akawaambia, "samaki msimpe."

Nikaelewa kwamba kwa kuomba sitapewa kamwe, hata nikipiga magoti kwenye mchanga. Ilikuwa lazima nimtanie. Na mimi katika maisha yangu sijawahi kumtania mtu. Shuleni nilikuwa ndiye wa kutaniwa. Nikafikiria kikombe cha asubuhi ile. Nilikigonga kando ya mto wake, na mama akaendelea kunitazama mkono, akingoja.

"Sikuja kuomba kitu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Mama kanituma nije kumwona mke mwenzake."

Karai likawa linalia peke yake.

"Anasema umekaa na mume wake mwaka wa pili huu, hata salamu hujaleta. Anauliza unamlisha nini. Maana kama ndio samaki hawa ulivyowababua, mume atarudi kakonda."

Mwanamke mmoja aliachia ungo wake. Mtani alibaki ameshikilia upawa hewani. "We mtoto," akasema, "kumbe una mdomo."

Niliendelea kwa sababu niliogopa kwamba nikinyamaza sitaweza kuanza tena. "Na posa hukuleta. Kwa hiyo urudishe mume wa watu, ama uje mwenyewe uoshe vyombo vya mke mkubwa."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Akasema, "Vua kandambili." Hiyo ndiyo ilikuwa fidia. Nikazivua, akazivaa yeye, zikamwacha visigino nje, akaenda nazo nyumbani kwake akitembea kwa maringo. Alirudi na santuri, iko ndani ya jalada lake, imefungwa kwa kanga safi. Alisema aliisimamisha nyuma ya kabati ili joto lisiipinde, na hakuna mkono ulioigusa.

"Haya," akasema, bado anacheka, "mke mkubwa anaumwa nini?"

Nikamwambia. Uso wake ulibadilika nikiuona. Akateremsha karai, akamwomba mwenzake aangalie samaki, akanifuata vile vile na harufu ya mafuta. Nilikwenda peku hadi nyumbani. Hakunirudishia kandambili wala sikumuuliza.

Mama alipomwona mtani mlangoni alitabasamu. Mtani akamrushia maneno yake, kwamba amekuja kuosha vyombo, na mama akazidi kutabasamu, lakini nilijua hajayapata. Nikavuta mashine ya baba kutoka uvunguni, nikaipangusa, nikatia betri mpya. Mama alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, sikio kwenye spika.

Ikaanza kukwaruza. Jogoo akawika. Mtoto akalia. Nilikuwa nimesahau kwamba wale wapo. Ngoma zikaingia na mama akaanza kutikisa kichwa, anazifuata sawasawa. Nikasema moyoni, tumewahi. Baba akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa ya juu, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Aliimba ubeti, akaimba wa pili. Mama anatikisa kichwa.

Kisha akainua uso. "Mbona hajaanza?" akauliza.

Muuguzi alinieleza baadaye kwamba sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza, nene huondoka mwisho. Ngoma zilikuwa zimebaki. Baba alikuwa ameshaondoka.

Nikageuza upande wa pili. Ilipokaribia pale pa ndoo nilimgusa mama goti. Mtani akasimama. Akateremsha bega moja, akanyoosha mkono kumwelekea mama, na baba alipoanza kusema, mtani alisema naye kwa midomo tu, bila sauti, polepole, midomo ikifunguka na kufumba pamoja na ya baba. Wewe binti mwenye ndoo, rudi nyuma kidogo. Utaonekana kwenye santuri. Ndani ya mashine watu wakacheka. Mama alimtazama mtani. Kisha akaweka viganja chini, akajivuta nyuma kwenye mkeka mpaka mgongo ukagusa kitanda.

"Nimemwona," akasema. "Sijamsikia."

Akataka turudie. Tukarudia. Mtani hakukataa, alisimama kila mara, jasho linamtoka, na mama kila mara aliegemeza sikio halafu akatikisa kichwa kwamba hapana. Tukarudia mpaka betri zikalegea. Ngoma zikaanza kuburuta miguu, na sauti ya baba ikashuka, ikawa nzito, ya taratibu, kama ya mtu mwingine anayesema kutoka ndani ya pipa. Niliinuka nizime kwa sababu sikuweza kuisikiliza hivyo.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Acha."

Sauti nzito ikasema rudi nyuma. Ikasema santuri, kwa kirefu, kama haitaki kulimaliza neno. Mama alikuwa amefumba macho.

"Amezeeka," akasema.

Kisha mashine ikasimama.

Kuanzia siku hiyo nilijifunza kuizuia santuri kwa kidole, ukingoni, ili izunguke taratibu na baba ashuke mpaka mahali ambapo mama anaweza kumfikia. Mtani alikuwa akija siku ambazo bahari haikutoa samaki, anakaa mlangoni, hasemi mzaha. Nilikuwa nazuia kwa kidole na mama anasema bado, bado, hapo. Lakini kila siku ilibidi nizuie zaidi, mpaka maneno yakawa si maneno tena, yakawa ngurumo tu, na mikwaruzo ikaanza kuonekana palepale nilipokuwa napashikilia. Nilikuwa naijua hatari yake. Ningefanya nini? Halafu ikafika asubuhi mama hakusema bado wala hapo. Alinitazama nikiwa nimeinama na kidole changu, akanitoa mkono taratibu, akaifunika mashine.

Sasa hatugongi tena kikombe. Tunaonyeshana kwa mikono. Amepona kifua, anapika, anaenda sokoni peke yake na mimi namwaza njia nzima kwa ajili ya magari. Jioni hunivuta shati, ananionyesha masikio yake, kisha anageuza kiganja juu. Ananiuliza kama yatarudi. Nimeuliza zahanati, nimeuliza duka la dawa, nimemuuliza na mtu wa miti shamba Temeke. Kila mmoja anajibu lake.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua. Kama kuna mtu kati yenu, au mama yake, au jirani yake, ambaye masikio yalizibwa na sindano za kifua kisha yakafunguka, naomba aniandikie. Aseme yalikaa muda gani, na yalianza kusikia nini kwanza. Na kama hayakufunguka, andikeni hilo pia, msinionee huruma. Mama anangoja jibu, na mimi sina la kumwonyesha.